Besi, Mwili na Hisia: Mada kwa Mafundi Mitambo na Maofisa Mazingira



Nianze na utafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, uliochapishwa mwaka 2022. David Cameron na wenzake hawakuwafungia watu maabara wakawavalisha vipokea sauti. Walitumia tamasha halisi la Orphx, kundi la muziki wa kielektroniki, na watu wakaja kucheza kama kawaida. Waliokubali walivalishwa kichwani utepe ambao kamera ziliufuatilia. Ukumbini kulikuwa na spika za ziada za kutoa sauti nzito mno, kati ya hezi 8 na 37, na zilikuwa zikiwashwa na kuzimwa kila baada ya dakika chache. Zilipowashwa, uchezaji uliongezeka kwa wastani wa asilimia 11.8. Jaribio lililofuata lilionyesha kwamba wasikilizaji hawakuweza kutambua ni wakati gani sauti hizo zipo na ni wakati gani hazipo.

Naomba tukae hapo kidogo, maana uzito wote wa mada hii uko hapo. Watu walisukumwa na kitu wasichokijua.

Sikio letu husikia kuanzia kama hezi 20 kwenda juu. Chini ya hapo sauti lazima iwe na nguvu kubwa mno ndipo isikike. Lakini mwili hausikii kwa sikio peke yake. Ngozi ina vipokezi vya mtetemo, na ndani ya sikio kuna viungo vya kutunza mizani ya mwili, ambavyo watafiti hao wanavitaja miongoni mwa njia zinazoweza kupitisha besi hadi kwenye miguu inayocheza. Fundi aliyewahi kusimama mbele ya sabufa wakati wa kujaribu mitambo anaifahamu hali hiyo: shati linapepea, kifua kinajaa, nyayo zinaupokea mdundo kutoka sakafuni kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa.

Je, sauti hiyo huleta furaha au hofu? Mjini London, tarehe 31 Mei 2003, wanasayansi na wasanii, akiwemo mwanasaikolojia Richard Wiseman, walichomeka sauti ya hezi 17 katika baadhi ya vipande vya muziki bila kuwaambia wasikilizaji ni vipi. Katika vipande hivyo, taarifa za hisia zisizo za kawaida ziliongezeka kwa asilimia 22: wasiwasi, huzuni, ubaridi mgongoni. Kabla ya hapo, mwaka 1998, mhandisi Vic Tandy alikuwa ameeleza jinsi alivyotokwa na jasho jembamba katika maabara aliyofanyia kazi, akaona kivuli cha kijivu pembeni mwa jicho. Baadaye aliona upanga wake wa michezo, ulioshikwa na jiliwa, ukitetemeka wenyewe. Chanzo kilikuwa feni mpya yenye mtetemo wa karibu hezi 19. Feni iliporekebishwa, hali ile ikatoweka. Ni simulizi ya mtu mmoja, wala si ushahidi wa kutosha, lakini inaonyesha jinsi mwili unaotikiswa bila sababu inayoonekana unavyojitafutia sababu.

Ushahidi ninaouamini zaidi ulitoka New Zealand mwaka 2014. Fiona Crichton na wenzake waliwaonyesha baadhi ya washiriki taarifa za kutisha kuhusu sauti nzito ya mitambo ya umeme wa upepo, kisha wakawasikilizisha sauti nzito ya kweli kwa dakika 10, na ukimya mtupu kwa dakika nyingine 10. Waliotishwa waliripoti dalili za kuumwa katika vipindi vyote viwili. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: besi hutikisa mwili, lakini jina la hisia hutoka kwa mtu mwenyewe, mahali alipo na alichoambiwa. Mtetemo uleule huweza kuwa raha kwa mchezaji, uwepo wa Mungu kwa mwabudu, na karaha kwa jirani aliyelala.

Huyo jirani ndiye anayenisumbua moyo. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 8, na ukuta wa tofali huzuia maneno ya wimbo zaidi kuliko unavyozuia wimbi hilo. Chumbani kwake hasikii wimbo. Anasikia du, du, du. Vioo vya dirisha vinagongana, mfuniko wa sufuria unacheza, mtoto anageuka kitandani. Anapolalamika, ofisa anakuja na kipimo kilichowekwa kwenye mizani ya A, inayopunguza sauti za hezi 50 kwa desibeli 30 na za hezi 20 kwa desibeli 50. Kipimo kinasoma kidogo, jirani anaonekana msumbufu. Huo ni uonevu, hata kama hakuna aliyeukusudia. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 na za Tanzania za mwaka 2015 zinataja kelele pamoja na mitetemo, kwa hiyo tuna pa kuanzia.

Ndugu mafundi, msikilizaji hajui kinachomsukuma, ila ninyi mnaoendesha mitambo mnajua. Besi ya saa mbili usiku si ya kuachwa hivyohivyo saa saba. Nanyi maofisa, pimeni ndani ya chumba cha mlalamikaji, milango ikiwa imefungwa, na msome mizani ya A na ya C, ambayo haipunguzi sauti nzito kwa kiasi hicho. Tofauti ikizidi desibeli 20, ichukulieni kuwa dalili ya tatizo la sauti nzito, na mwaminini mlalamikaji hadi uchunguzi utakapokamilika.