Tuijue Sura ya Kompyuta



Mazungumzo yetu ya leo hapa Zinga yanahusu jambo dogo lililotutia fadhaa kubwa. Juma lililopita daftari la michango ya kisima, tuliloliandika katika kompyuta kwa miezi minne, lilitoweka kiooni ghafla. Kijana wetu mmoja akadhaniwa amelifuta, na barazani maneno yakaanza. Tukasahau tulivyoonywa kuhusu dhana. Kumbe daftari lilikuwa limeshushwa tu.

Basi na tuitazame sura ya kompyuta kwa utulivu. Uwanja mpana unaoonekana mashine inapokuwa tayari huitwa eneokazi, nao ni mfano wa meza ya karani. Picha ndogondogo zilizo juu yake ni aikoni. Ile yenye kimshale pembeni ni njia ya mkato: ukiifuta, faili lenyewe hubaki mahali pake. Chini kabisa umelala upau wa kazi, na humo ndimo daftari letu lilimokuwa limejikunyata.

Kila kazi hufunguliwa ndani ya dirisha. Katika Windows, pembe ya juu kulia ina alama tatu: kistari hulishusha dirisha, mraba hulipanua, na alama ya X hulifunga. Ukifunga kabla ya kuhifadhi, programu nyingi za kuandikia hukuuliza kwanza kama uhifadhi. Hapa ndipo penye hatari, kwani swali huja kwa Kiingereza, na wengi wetu hubonyeza popote ilimradi liondoke! Wala si kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mashine yetu ya msaada ilikuja na Kiingereza, tukanyamaza.

Faili lililofutwa kwenye diski ya kompyuta kwa kawaida hungoja katika pipa la taka, nawe waweza kulirejesha. Lililofutwa kwenye flashi halipiti pipani. Huondoka moja kwa moja. Kwa hiyo orodha ya wachangiaji sasa ina nakala mbili, na ya tatu tumeichapa na kuibandika ubaoni.

Kijana wetu tumemwomba radhi baada ya swala ya Alasiri, mbele ya wale wale waliomsema.