Kabla ya Kushika Wino

Bango la kupinga vita vya Gaza halianzi na rangi, linaanza na kutazama. Mtazameni Handala, mtoto wa miaka 10 ambaye Mpalestina Naji al-Ali alianza kumchora 1969. Ametupa kisogo, mikono nyuma. Hana damu, na bado anauma. Hizo picha za maiti tunazosambaza, wale wana mama zao jamani. Tena mistari yake ni michache, skrini moja na wino mweusi vinatosha. Wanafunzi wa Berkeley, Marekani, 1970, walipinga vita vya Vietnam kwa kuchapa juu ya karatasi za kompyuta zilizokwisha tumika. Kwa hivyo msiniambie hatuna pesa. Jumamosi kila mtu aje na michoro mitatu, tuchague mmoja tukate stensili.