Kaunti Hupimwaje, na Sisi Twapima Nini?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Voi)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisikia redioni tu: namna Serikali ya Kaunti inavyopimwa kazi yake. Wako watakaosema hayo ni mambo ya makarani na wakubwa. Sivyo. Kipimo hicho chagusa mshahara wa mfagiaji wa soko, na maji ya nyumbani kwake pia.

Tukumbuke tulikotoka. Kabla ya 2013 tulikuwa na Baraza la Manispaa ya Voi. Kwa sheria ya 1998, mabaraza yalipewa asilimia 5 ya kodi ya mapato. Katika kila shilingi 100, shilingi 60 zilitolewa kwa ajili ya huduma, na 40 zilingoja baraza lionyeshe hesabu zake, madeni yake, na miradi iliyochaguliwa pamoja na wenyeji. Baraza lililochelewesha vitabu lilikatwa fedha.

Mwaka 2013 mabaraza yakaondoka, zikaja kaunti 47. Vipimo vikaongezeka. Kwanza yuko Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni, na Katiba yampa miezi sita kutoa ripoti. Yeye husema moja katika manne: hesabu ni safi, zina kasoro, ni mbaya, au vitabu havitoshi hata kutoa maoni. Tangu 2016 ulikuwapo pia mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, uliopima fedha, mipango, utumishi, ushirikishaji wa wananchi na utekelezaji wa miradi. Kaunti ambayo hesabu zake ziliitwa mbaya, au zilikosa maoni, haikupata ruzuku kubwa.

Sasa tuje kwetu wafanya kazi. Sheria yataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni za 2015 zasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Mara nyingi kaunti inapopita kiasi hicho, lawama hutupwa juu yetu, kana kwamba mfagiaji na muuguzi ndio walioandika majina ya watu wasiofika kazini. Sisi hatukatai kipimo. Twasema orodha ya mishahara isafishwe kwanza, ndipo litajwe neno la kupunguza watu. Tena asilimia hiyo hushuka pia mapato yakikusanywa vizuri na yakafika benki yote.

Ndugu, karatasi haizimi kiu. Maji ya Mzima hutoka ndani ya kaunti yetu yakateremka kwa bomba mpaka Mombasa. Mama wa Voi anayebeba mtungi hataulizia kaunti imepata alama ngapi. Ataulizia mfereji.

Tena twakumbuka 2019. Bajeti yetu ilikwama kwa ugomvi wa Gavana Granton Samboja na Bunge la Kaunti. Gavana akaanza kukusanya sahihi ili kaunti isimamishwe, nayo sheria hutaka sahihi za asilimia 10 ya wapiga kura. Mwezi wa Oktoba Bunge likapiga kura ya kumwondoa. Seneti ikaona mashtaka hayakuthibitika, naye akabaki. Fahali wakipigana ziumiazo ni nyasi. Bajeti isipopita, anayengoja ni mfanya kazi, na mgonjwa aliye kwenye foleni.

Basi tufanye nini? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yamtaka Gavana apeleke kila mwaka ripoti ya kazi mbele ya Bunge la Kaunti, na yasema wazi kuwa ripoti hiyo ni ya umma. Si siri ya mtu. Kila tawi lichague watu wawili wanaojua kusoma hesabu. Waiombe ripoti hiyo na ile ya Mkaguzi, wawasomee wenzao kwa lugha nyepesi. Kisha twende kwenye mkutano wa bajeti na maswali matatu: Mlichoahidi mwaka jana kiko wapi? Fedha za makato yetu zimefika zinakotakiwa? Mkaguzi alilalamikia nini, na mmerekebisha nini?

Tukiuliza kila mwaka, bila matusi na bila woga, tutakuwa wapimaji pia. Mpimaji wa mbali huja na karatasi zake akaenda zake. Sisi tunabaki hapa.