Mtu mmoja na majina mbili, watu wawili na jina moja

Maneno yaliyosemwa ku mkutano wa wanachama, Buluo, Likasi



Komite iliomba niseme juu ya lisiti yetu. Wengi wanawaza lisiti ni kazi ya sekretere tu. Hapana. Lisiti njo inaamua nani anapata msaada wa matanga, nani anapata mbegu, mtoto wa nani analipiwa masomo. Jina likiingia mara mbili, mfuko unatoka mara mbili, na mwingine anarudi mikono mitupu. Lakini ukifuta jina ukiwaza ni lilelile, kumbe ni la mtu mwingine, umemnyang'anya haki yake, na pengine atajua paka siku ya matanga.

Kwa nini sisi tuna shida hii kuliko wengine? Wengi wetu tulikimbilia Zambia: Meheba, Kala, Mwange. Kule aliyeandika fishi alifuata maandishi ya kule: Chibangu. Hapa Kongo ni Tshibangu. Kabwe anakuwa Kabue, Mwamba anakuwa Muamba. Kule waliandika majina mawili, la kizungu mbele. Hapa ni matatu, la kizungu nyuma. Wazee waliokatazwa majina ya kizungu wakati wa Mobutu, mwaka 1972, wana karatasi zenye jina hilo na zingine bila. Na asiyejua siku ya kuzaliwa anaandikwaka tarehe 01/01.

Sasa ordinatere inatafuta vipi majina ya mara mbili? Haijui mtu. Inafuata sheria tuliyoipa.

Tukiiambia: "ni mtu mmoja kama kila herufi inafanana", Chibangu na Tshibangu watapita kama watu wawili. Tukilegeza: "inatosha jina lisikike sawa na mwaka uwe mmoja", tutamkamata Chibangu, lakini ba Ilunga wawili wa 01/01/1960 watageuka mtu mmoja. Tukisema "telefoni moja, mtu mmoja", tumepotea kabisa: ku parsela moja mama, mukwe na jirani wanatumia telefoni ileile. Na mapacha je? Mbuyi na Kabanga wana baba mmoja, mama mmoja, siku moja, avenyu moja. Kama fishi imeandika jina la baba tu na la kizungu, na yote mawili yanaanza na J, sheria iliyolegea itawaunganisha.

Jambo hili si la Buluo tu. Mwaka 2018 CENI ilisafisha lisiti ya wapiga kura wa Kongo nzima. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 46. Wakabaki milioni 40 na kidogo. Zaidi ya milioni 5 walitolewa kwa kuandikwa mara mbili, na wengine zaidi ya elfu 900 kwa kuwa watoto. Mwaka uleule ukaguzi wa OIF ukaonyesha kwamba asilimia 16.6 ya walioandikwa hawakuwa na alama za vidole ndani ya lisiti. Hapo njo kuna somo: sheria inayotegemea vidole haiwezi kumlinganisha mtu asiye na vidole mu lisiti. Alama ikikosekana, sheria inakuwa kipofu.

Basi napendekeza hivi. Kwanza, wakati wa kulinganisha tu, Tsh na Ch zihesabiwe sawa, ua na wa vilevile. Jina lenyewe libaki kama mwenyewe alivyoandika. Pili, tuongeze jina la mama, kijiji cha asili na kampi aliyotoka. Jina la mama lipewe uzito kuliko telefoni. Na kila fishi iulize: "Uko na pacha?" Tatu, yanayofanana yote yawe ni ya kushuku, si ya kufuta. Mtu aitwe, aje na karatasi zake na jirani anayemjua. Akionekana ni mmoja, tunaunganisha fishi, na ile ya zamani tunaiweka, hatuitupi. Asipofika, jina linabaki mpaka tumfikie.

Ni kazi ya polepole, najua. Ordinatere inamaliza kwa dakika chache. Kwenda kubisha ku mulango ya watu kunakula majuma.

Kwenu wafadhili, ombi moja. Mkisoma ripoti inayosema "tumeondoa majina mengi", msifurahi haraka. Ulizeni: wangapi waliitwa? Wangapi walifika wakaonekana ni watu wawili kweli? Lisiti fupi si lazima iwe lisiti safi.

Na sisi wanachama, sekretere akipita, toeni karatasi zote, hata ile ya kampi iliyochakaa, hata yenye jina lililoandikwa vibaya. Msiifiche kwa kuogopa kuitwa mwizi. Karatasi ile njo itaonyesha kama Chibangu na Tshibangu ni wewe mmoja, ao ni wewe na ndugu yako.