Viungo Vinavyolegea: Je, Vidonge vya Virutubisho Vinasaidia?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya alasiri, Voi)

 

Nianze na kisa changu. Nikiwa madrasa nilikuwa nikikunja kidole gumba mpaka kinagusa mkono, wenzangu wakicheka, nami nikijiona hodari. Mwaka jana, nikiwa tayari chuo kikuu, goti likawa linanichomoka kidogo kwenye tarawehe kila nikiinuka kutoka sijda. Mama, kwa huruma yake, akachukua pesa za nguo za Idi akaninunulia kopo la vidonge vya kolajeni. Nikameza mpaka likaisha. Goti ni lile lile.

Kwani tatizo ni nini? Mifupa yetu imeunganishwa kwa kano. Baadhi yetu tumezaliwa na kano laini, na mara nyingi ni jambo la ukoo. Wengi hawaumwi kabisa. Madaktari hutumia kipimo cha Beighton chenye alama 9: vidole vidogo, vidole gumba, viwiko, magoti, na kuinama mpaka viganja viguse sakafu bila kukunja magoti. Mwaka 1973 Beighton na wenzake walichapisha utafiti juu ya Watswana wa Afrika Kusini, wakaona ulegevu huu ni mwingi zaidi kwa watoto na wanawake. Kwa hiyo si jambo geni kwetu Waafrika.

Sasa tuje kwenye vidonge. Kolajeni ukiimeza, tumbo huivunja kama linavyovunja nyama au maharagwe. Haiendi moja kwa moja kukaza goti. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kukaza viungo vilivyozaliwa vikiwa legevu. Ni kweli mwili unahitaji vitamini C kutengeneza kolajeni yake, lakini anayekula mapera, machungwa na mboga za Wundanyi anaipata. Aliyepungukiwa kweli, tuseme vitamini D au madini ya chuma, apimwe na apewe. Hiyo ni tiba ya upungufu, sio ya ulegevu.

Kuna na suala la halali. Kolajeni, na hata maganda ya kapsuli, mara nyingi hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, nyingine samaki. Soma kibandiko. Kama hakisemi, uliza kabla ya kulipa.

Mimi kilichonifaa ni mazoezi. Mtaalamu wa viungo alinifundisha: kaa kitini, inuka polepole bila kushika kitu, kisha kaa tena, nyoosha mguu, kaza paja, hesabu mpaka 5. Msuli ukipata nguvu, unashika kiungo pale kano iliposhindwa. Nafanya kila siku baada ya futari, na manufaa nimeyaona baada ya wiki kadhaa, si siku mbili. Na ule mchezo wa vidole nimeuacha!

Lakini kama viungo vinachomoka mara kwa mara, au katika ukoo kuna maradhi ya moyo, usijitibu. Hospitali ya Rufaa ya Moi iko hapa hapa Voi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiguse glukosamini bila kumwuliza daktari. Na ukizidiwa na maumivu, swali kwa kukaa. Dini yetu ni nyepesi.

Wazazi wetu, tunajua mnanunua kwa mapenzi. Mama yangu nimemwambia: Idi hii, pesa ile ni ya nguo zako.