Mtoto Mwenye Kasoro Si Mkosi

Msikilizaji, ndama akizaliwa na vichwa viwili Karagwe au Kyerwa, maneno humtangulia mganga wa mifugo: mkosi, laana, mkono wa mtu. Sayansi ina jibu lingine. Pacha wasipotengana vizuri tumboni, huzaliwa wameungana. Na dume likipanda mabinti zake, kasoro zilizojificha katika ukoo hujitokeza. Mfugaji wa ng'ombe wa Ankole na abadilishane madume na wenzake.

Kwa binadamu, uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, mara nyingi mama akiwa hajajua kuwa ni mjamzito. Upungufu wa foliki asidi wakati huo huongeza hatari ya mgongo wazi. Kidonge cha mikrogramu 400 kila siku, kikianza kabla ya mimba, hupunguza sana hatari hiyo. Maharage na mboga za majani husaidia, ila havitoshi peke yake.

Kwa mtoto aliyekwisha kuzaliwa na kasoro, nyayo zilizopinda hunyooshwa kwa hogo linalobadilishwa kila wiki, kisha viatu maalumu. Mdomo wazi hushonwa. Mgongo wazi hupasuliwa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. Muhimu ni kuwahi.

Kinachotuangusha ni aibu: mama analaumiwa, mtoto anafichwa chumbani hadi mifupa inakomaa. Wazee wa ukoo, masheikh, wachungaji, lisemeni hili hadharani. Na wewe baba, acha kumtafuta mchawi. Mpeleke mwanao kituo cha afya wiki hii.