Siku ya kosa wewe ni daktari, siku ya malipo wewe ni mwanafunzi

(Mada iliyotolewa kwenye kongamano la vijana wa vyuo vya afya. Tumeiweka kama ilivyosemwa, kwa kufupisha kidogo.)



Nimepewa dakika chache niongee kuhusu sheria na kazi ya udaktari. Sitawasomea vifungu. Nina swali moja tu: daktari tarajali wa nchi hii ni nani mbele ya sheria? Tukijua yeye ni nani, tutajua anadai nini na anamdai nani.

Safari mnaijua. Miaka mitano ya chuo, halafu mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, ukiwa na usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Wenzetu wa Zanzibar wana baraza lao. Bila kumaliza mwaka huo hupati usajili kamili, na bila usajili kamili huwezi kusimama peke yako kama daktari. Kwa hiyo mwaka huo sio hiari. Huwezi kusema "hapa hawalipi kwa wakati, naacha kazi". Umeshikwa, na aliyekushika anajua kwamba amekushika.

Sasa angalieni kinachotokea. Mama akipoteza maisha leba saa tisa usiku, faili linafunguliwa na sahihi iliyopo ni yako. Ndugu wana haki ya kulalamika. Baraza lina mamlaka ya kukuita ujieleze. Siku hiyo hakuna anayesema "huyu bado yupo mafunzoni". Wewe ni daktari. Lakini mwisho wa mwezi ukiuliza hela, unaambiwa ile ni posho, sio mshahara, wewe upo kwenye mafunzo, vumilia kidogo. Yaani kubeba lawama wewe ni daktari, kulipwa wewe ni mwanafunzi. Ukiuliza mkataba wako uko wapi, watu wanatazamana.

Jamani, hii sio bahati mbaya. Mtu asiye na jina kwenye sheria ni rahisi kumtumia.

Lakini sheria haiko kimya kiasi hicho. Tuna Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Inasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kikiwepo hata kigezo kimoja kati ya kadhaa vilivyotajwa. Sikilizeni vigezo vyenyewe: unapangiwa namna ya kufanya kazi, unapangiwa saa, wewe ni sehemu ya taasisi, umefanya kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unamtegemea huyo huyo kiuchumi, anakupa vifaa vya kazi, humfanyii kazi mtu mwingine.

Saa 45 kwa mwezi, makamanda! Kuna tarajali anazimaliza kabla ya Ijumaa ya wiki ya kwanza. Ratiba ya zamu anabandikiwa ukutani. Mashine ya kupimia presha ni ya hospitali. Vigezo vingapi hapo vimetimia? Mahakama ndiyo yenye neno la mwisho, sitawadanganya. Ila hoja ipo, na ni hoja nzito.

Na kwa nini tunahangaika na jina "mwajiriwa"? Kwa sababu jina hilo linakuja na mzigo kwa mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Inampa mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kutoka na kurudi kazini. Inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Mlinganishe hayo na tarajali anayeingia asubuhi, akalala kituoni, akapokea wodi asubuhi nyingine. Na kabla hujamwonea huruma yeye, mwonee huruma mgonjwa anayepigiwa hesabu ya dozi na mtu ambaye hajafumba macho tangu jana.

Kuna watakaosema, "Mkishawapa jina la wafanyakazi watagoma, na wananchi watakufa." Tuliseme hili bila kuogopa. Sheria hiyo hiyo imeziweka huduma za afya kwenye orodha ya huduma muhimu, ambako mgomo umezuiwa, isipokuwa pawepo makubaliano ya pamoja yanayoweka kiwango cha chini cha huduma wakati wa mgomo, na yawe yameidhinishwa. Kwa hiyo sheria haijamfunga daktari mdomo. Imesema kaeni mezani, muandikishane. Meza yenyewe ndiyo haipo. Ukimnyima mtu meza na ukamnyima mgomo, umemwachia nini? Manung'uniko ya kwenye WhatsApp.

Mwaka 2012 tuliona kinachotokea meza isipokuwepo. Moto ule uliwashwa na posho za madaktari tarajali pale Muhimbili. Walipodai, wakaondolewa pale na kurudishwa wizarani. Wakubwa zao wakaweka vifaa chini kuwaunga mkono. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaenda mwenyewe kukutana na madaktari mwezi Februari. Juni mgomo ukarudi, na usiku wa tarehe 26 mwezi huo Dk. Steven Ulimboka, aliyekuwa mbele katika madai yale, akatekwa, akateswa, akatupwa msitu wa Mabwepande. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa utekaji ule mpaka leo. Dai lilianza kama posho iliyochelewa. Nawakumbusha ili mjue deni dogo lisilosikilizwa linaweza kufika wapi.

Majirani zetu Kenya nao wamepigana vita hii. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na karatasi. Mkataba wa pamoja wa 2017 kati ya Serikali na chama chao cha madaktari uliwataja tarajali na malipo yao, shilingi za Kenya 206,400 kwa mwezi. Serikali ilipotaka kuwalipa 70,000, madaktari waligoma siku 56, kuanzia Machi mpaka Mei 2024, na Desemba mwaka huo wakakubaliana walipwe kwa mkataba ule wa 2017. Sisemi tugome siku 56. Ninachosema ni kwamba walikuwa na kitu cha kushika mkononi. Sisi tunashika nini?

Wakati tunapigania hayo, jilindeni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa daktari, daftari ndiyo wakili wa kwanza. Ukimpigia bingwa simu usiku, andika kwenye faili: saa ngapi, umemweleza nini, amekujibu nini. Ukiona kazi imezidi uwezo wako, omba msaada, na maombi hayo yaandike. Vifaa vikikosekana, andika vimekosekana. Ukichomwa na sindano, toa taarifa hapo hapo na uanze dawa za kinga mapema, ndani ya saa 72; usione aibu. Na uliza hospitali mapema kama umesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, usisubiri uumie.

Jingine ni PF3. Wengi mnaijaza haraka haraka kwa mwandiko ambao hata nyie wenyewe hamuusomi. Fomu hiyo inakwenda mahakamani, na mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aliyeijaza aitwe ahojiwe. Mahakama ya Rufani imeshaziondoa PF3 nyingi kwenye ushahidi kwa sababu mahakama ya chini haikumweleza mshtakiwa haki hiyo. Lile ni kosa la mahakama, lakini ujazaji ni wako. Andika ulichokiona na kukipima. Usiandike "amebakwa", hilo ataliamua hakimu. Andika majeraha yako wapi, ukubwa gani, ulimwona saa ngapi. Binti wa miaka kumi anaweza kupata au kukosa haki kwa sababu ya mistari yako minne.

Namalizia na wale waliokwishamaliza utarajali. Wapo mtaani, wana usajili kamili, wanasubiri kibali cha ajira. Wengine "wanajitolea" hospitalini kwa nauli. Huku kijijini zahanati haina daktari, kule mjini daktari hana kazi, na mkopo wa chuo unamsubiri: akiajiriwa tu, asilimia 15 ya mshahara wake inakatwa. Serikali zetu za Afrika ziliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kwa kijana asilimia 15 inakatwa bila kukosa. Ya Abuja tunaiuliza kila bajeti.

Kwa hiyo naomba kongamano hili litoke na madai manne, na wabunge wetu wayabebe. Moja, sheria imtaje daktari tarajali kuwa ni mwajiriwa wa mkataba wa mwaka mmoja. Mbili, mkataba wa maandishi siku ya kwanza, wenye tarehe ya malipo. Tatu, ukomo wa saa za zamu, ubandikwe ukutani pale pale inapobandikwa ratiba. Nne, meza ya majadiliano ambayo tarajali wana kiti chao wenyewe.

Hayo hayahitaji mapinduzi. Yanahitaji kalamu na Serikali inayoona aibu. Aibu hiyo tutaisaidia ipatikane. Kila mmoja akirudi chuoni akae na wenzake kumi, awaeleze vile vigezo vya mwajiriwa, na kila tarajali atuandikie malipo yake yamechelewa miezi mingapi. Majina tutayaficha, hesabu tutaipeleka bungeni.